Mchele Ulioharibika na Imani ya Kila Siku



Siku ya soko hapa Kiwanja, malori kutoka Goma hushusha mchele, sukari, chumvi na mafuta. Tunanunua, tunapika, watoto wanakula. Wachache kati yetu hujiuliza ni nani aliyeukagua mchele ule kabla ya kufika kwenye sufuria zetu. Leo tumkumbuke kijana mmoja wa Goma aliyekuwa na kazi hiyo, akauawa kwa sababu aliifanya kama Mkristu.

Floribert Bwana Chui bin Kositi alizaliwa Goma tarehe 13 mwezi wa sita 1981. Alikuwa mtoto wa miaka 13 wakimbizi walipojaa mjini mwaka 1994, na kijana wa miaka 20 moto wa Nyiragongo ulipoteketeza sehemu kubwa ya Goma mwanzoni mwa 2002. Alisoma sheria. Aliingia katika jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanzia Roma mwaka 1968, ambayo watu wake husali pamoja na kuwa marafiki wa maskini. Huko aliwajali wale watoto wa barabarani tunaowaita maibobo, ambao wengi wetu tukiwaona tunashika mifuko yetu vizuri.

Baadaye alipata kazi katika OCC, ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa. Kwa nchi yetu, hiyo ni kazi ambayo jamaa hufurahia wakisema: sasa tumepona. Yeye alikagua vyakula vilivyopita mpakani. Mwaka 2007 ulikuja mchele ulioharibika, na wenye mzigo walitaka upite. Alimwuliza mtawa mmoja aliye daktari kama chakula cha namna hiyo kinaweza kudhuru watu. Alipojua hatari yake, aliukataa. Walimwahidi pesa, akakataa. Vilikuja vitisho, hakubadilika. Tarehe 7 mwezi wa saba alitekwa, na tarehe 9 maiti yake ilipatikana, ikiwa na alama za mateso. Alikuwa na miaka 26.

Kanisa la Kongo lilikuwa tayari na mashahidi wa imani. Isidori Bakanja alipigwa viboko kwa sababu ya skapulari ya Mama Maria aliyoivaa shingoni, akafa mwaka 1909. Sista Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili 1964, kwa kuwa alikataa kuvunja nadhiri yake ya usafi. Katika habari zao imani inaonekana wazi: skapulari, nadhiri. Lakini Floribert hakuna aliyemwambia amkane Yezu. Aliambiwa tu afumbe macho. Angeweza kuupitisha mzigo siku ya juma, na Jumapili akaenda Misa kama kawaida, bila mtu yeyote kujua.

Hapo ndipo historia yake inatugusa. Tarehe 2 mwezi wa pili 2023, Baba Mtakatifu Fransisko alimtaja mbele ya vijana wa Kinshasa, katika Uwanja wa Mashahidi. Tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 2024 alikubali rasmi kwamba Floribert aliuawa kwa chuki dhidi ya imani. Maana yake ni nzito: kukataa rushwa kwa ajili ya uhai wa watu usiowajua ni kumkiri Kristu, sawa na kumkiri kwa mdomo.

Sisi wa Kiwanja tuna jibu tulilozoea: ni vita ndiyo imetuharibu. Tuna haki ya kuitaja vita. Hakuna familia hapa isiyokumbuka tarehe 4 na 5 mwezi wa kumi na moja 2008, na yaliyotupata baadaye. Lakini Floribert naye alikulia katika vita hiyohiyo. Shida ilimfundisha kwamba maisha ya mtu yanavunjika upesi. Kwa hiyo hakutaka kuyavunja kwa mkono wake.

Tujiangalie. Kuna kipimo cha soko kilichobonyezwa chini ili maharage yapungue. Kuna mwalimu anayeuza pointi. Kuna dawa iliyopita muda inayofutwa tarehe yake. Hata sisi wa redio na karatasi hii hatuko nje: tumewahi kupokea pesa ya fanta ili tangazo la mtu mmoja litangulie, na la mjane asiye na kitu likangoja. Tuliona ni jambo dogo. Lakini Yezu alifundisha kwamba asiye mwaminifu katika madogo, katika makubwa pia hataaminika.

Hatutawadanganya kwamba mwaminifu hulipwa upesi hapa duniani. Mama yake Floribert alimzika mwanawe. Lakini tunaweza kufanya jambo moja: anayekataa asiachwe peke yake. Mara nyingi jamaa ndio wanaomcheka wa kwanza: wenzako wanajenga, wewe unasali tu! Shirika likijua kwamba ndugu yao amekataa pesa chafu, limtembelee, lile naye, limsaidie akipoteza kazi. Hapo hata mwoga atapata nguvu.

Tarehe 15 mwezi wa sita 2025, Jumapili ya Utatu Mtakatifu, Kardinali Marcello Semeraro alimtangaza Floribert kuwa mwenye heri, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo huko Roma. Wengi wetu hatukuweza kwenda popote, barabara na nyoyo zikiwa zimefungwa na vita. Lakini heshima aliyopewa kule inaweza kuendelezwa hapa, kwenye meza ya soko.

Wiki hii, katika mashirika yetu, tuulizane mawili. Mchele wangu ulioharibika ni upi, ule ninaoupitisha nikisema hakuna anayeona? Na ni nani kati yetu amekataa kuupitisha, nasi tukamwacha peke yake?

Mwenye heri Floribert, utuombee.