Mwalimu wa kushikilia hakuanza na sisi

Muhula huu nafundisha shule mbili. Moja iko upande wa Kibos, nyingine ukipanda barabara ya Kakamega kuelekea Kiboswa. Asubuhi hesabu, mchana Kiswahili, katikati ni boda kupitia hapa Mamboleo. Mimi ni mwalimu wa BOM, yaani TSC hainijui kwa mshahara. Bodi ya shule imeniweka tu nishikilie darasa.

Kila wiki kuna msee ananiuliza: "Buda, hizo kazi unapata wapi?" Jibu langu linaanzia mbali, 1974.

Mwaka huo serikali ya Mzee Kenyatta iliondoa karo kutoka darasa la kwanza hadi la nne. Wanafunzi wa msingi wakaruka kutoka kama milioni 1.8 hadi karibu milioni 2.8. Walimu hawakuongezeka hivyo. Vijana waliotoka shule juzi, bila chuo cha ualimu, wakapewa chaki. Mamangu alianza shule wakati huo. Anasema mwalimu wake wa kwanza angeweza kuwa kakake.

Songa hadi 2003. Kibaki anatangaza elimu ya msingi bila malipo, na zaidi ya watoto milioni 1 wanaingia. Lakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, serikali ilikuwa imeacha ile desturi ya kuajiri kila anayemaliza chuo. Kwa hivyo mwalimu aliyesomea kazi anakaa nyumbani, na darasa lililojaa halina mwalimu. Shule nyingi zikageukia mifuko ya wazazi.

Halafu 2023, JSS. Serikali ikaleta wanagenzi zaidi ya 20,000, kila mmoja kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Aprili 2024 mahakama ikasema si halali kumchukua mwalimu aliyehitimu kama mwanagenzi. Mei wakagoma, wakajaa barabarani. Januari 2025 wanagenzi kama 46,000 wakapewa ajira ya kudumu.

Umeona mtindo? Kila mara shule zikifunguliwa kwa ahadi kubwa, anayeshikilia ni mwalimu wa bei rahisi. Tofauti ni hii: 1974 walimu waliosomea hawakutosha. Leo wako tele, kinachokosekana ni pesa ya kuwalipa. Ukijua hivyo, huendi kwa mwalimu mkuu kama mtu anayeomba msaada. Unaenda kuziba shimo ambalo analiona kila asubuhi.

Sasa kazi zenyewe. Usingoje tangazo. Zunguka wiki ya mwisho ya muhula, wakati wakuu wanapanga ratiba. Uliza nani anaenda likizo ya uzazi, kwa sababu hiyo ni kama miezi minne ya kazi. JSS zinatafuta sana watu wa hesabu na sayansi. Beba nambari yako ya TSC, maana sheria hairuhusu kufundisha bila kusajiliwa. Na ukimaliza kushikilia mahali, mwachie mwenyewe darasa kwa mpango: umefika wapi, nani bado anahangaika. Shule yangu ya pili niliipata hivyo, mwalimu niliyemshikilia alinitaja kwa rafiki yake.

La mwisho ni karatasi. Kuna shule moja ilinizungusha malipo ya miezi miwili, na sikuwa na kitu mkononi ila meseji za simu. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi. Uliza kabla ya kushika chaki. Ndiyo, unaweza kuambiwa kuna kumi wanaongoja nje. Mimi niliambiwa. Lakini wale wanagenzi pia waliambiwa hivyo, na walipoamka pamoja mambo yakabadilika.

Mamangu bado anakumbuka jina la yule kijana wa 1974. Sijui kama alilipwa vizuri. Lakini alimfundisha kusoma.