Jinsi ya Kufuatilia Kasi ya Feni ya Pawa Saplai

Wakala wa forodha mwenye kompyuta moja ya mezani pale Tunduma, Namanga au Malaba anajua hasara yake: kompyuta ikizimika kabla hati hazijatumwa, lori linabaki foleni na gharama zinaongezeka. Chanzo kimojawapo ni feni ya pawa saplai iliyojaa vumbi. Feni hiyo ikisimama, joto hupanda ndani ya boksi na kompyuta inaweza kujizima au pawa saplai ikaungua.

Namba zinatoka wapi?

Feni yenye waya tatu hutumia mbili kwa umeme wa volti 12. Waya wa tatu hupeleka ishara kwenye madabodi, kwa kawaida mara 2 kwa kila mzunguko. Madabodi huhesabu ishara hizo, kisha BIOS au programu kama HWiNFO huonyesha mizunguko kwa dakika (RPM).

Hapa wengi hukosea. Namba za CPU FAN na SYS FAN ni za feni ya prosesa na ya kasha. Feni ya pawa saplai mara nyingi imefungwa ndani kwa ndani na haipeleki taarifa yoyote. Namba nzuri kwenye skrini si uthibitisho kwamba nayo inazunguka.

Baadhi ya pawa saplai zina waya mwembamba wa ziada wenye plagi ndogo ya matundu matatu. Chomeka plagi hiyo kwenye nafasi ya feni iliyo wazi katika madabodi, na kasi itaonekana kwa jina la nafasi hiyo. Nyingine, kama Corsair AX1600i, hutuma taarifa kwa waya wa USB kupitia programu ya mtengenezaji.

Ikisoma 0

Maana zake ni tatu: waya haujachomekwa, feni imesimama kweli, au ni aina inayosimamisha feni kwa makusudi kazi ikiwa nyepesi. Angalia kwa macho kabla ya kununua nyingine.

Kama haina waya wa taarifa

- Kompyuta ikiwa na kazi kwa nusu saa, weka kipande cha karatasi laini nyuma ya pawa saplai. Hewa inapaswa kukisukuma nje.
- Sikiliza mkwaruzo, hasa asubuhi inapowashwa.
- Kompyuta inayozimika ikipata moto na kuwaka tena ikipoa, ikaguliwe mara moja.

Tahadhari

Zima, chomoa waya wa umeme, kisha puliza vumbi kwa blowa huku feni ukiizuia kwa kijiti isizunguke. Usifungue boksi la pawa saplai: kapasita zake hubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa. Kazi hiyo mwachie fundi.

Ukiona dalili hizi, nakili kwanza hati za mizigo iliyo njiani kwenye flashi, ndipo umwite fundi.