Kabla Viungo Havijakakamaa: Tiba ya Watoto Katika Nchi ya Chai

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtu na mkewe kutoka Marekani, Charles Super na Sara Harkness, walihamia katika kijiji cha Wakipsigis huko Kericho, kijiji ambacho katika maandishi yao wanakiita Kokwet. Walikaa miaka kadhaa wakitazama jinsi watoto wanavyolelewa. Super aliandika ni lini mtoto anaketi, ni lini anasimama, ni lini anatembea, na akaona watoto wa Kokwet wanaketi na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya watoto wa kwao. Hilo halikuwa geni. Mwaka 1957 daktari Marcelle Geber alikuwa amechapisha habari kama hizo kutoka Kampala, na wengi wakadhani ni jambo la damu na ukoo.

Super aliwauliza akina mama wenyewe, nao wakamweleza kwamba mtoto hufundishwa. Walichimba kishimo ardhini, wakakizungushia blanketi, wakamketisha mtoto humo mpaka mgongo upate nguvu. Walimshika kwapani wakamrusharusha juu ya mapaja hadi miguu izoee kubeba mwili. Na katika mambo ambayo hawakuyatilia mkazo, kama vile kutambaa, watoto wao hawakuwatangulia wenzao. Makala aliyoyachapisha mwaka 1976 yalionyesha kuwa mwili wa mtoto mchanga hufuata mazoezi, na kwamba mwalimu wa kwanza wa mazoezi hayo yuko nyumbani. Kwangu mimi, huo ndio ukurasa mkuu katika historia ya tiba ya viungo ya watoto nchini Kenya, ijapokuwa mwandishi wake hakuwa tabibu.

Ulaya ilifika hapo kwa kuzunguka sana. Per Henrik Ling alifungua chuo chake cha mazoezi mjini Stockholm mwaka 1813. Mwaka 1861 daktari William John Little wa London aliwaeleza wenzake kwamba kukakamaa kwa viungo vya baadhi ya watoto kunatokana na shida wakati wa kuzaliwa. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa Uingereza waliunda chama cha wakandaji, na fani ya fiziotherapia ikapata mlango. Kisha zikaja vita kuu mbili na milipuko ya polio. Kazi ikawa nyingi, lakini karibu yote ilikuwa ya kurekebisha kiungo kilichokwisha kuharibika.

Katika vilima vya Kericho na Bomet, tiba ya kizungu ilipanda pamoja na chai na misheni. Kampuni za Brooke Bond na Finlay zilianza mashamba makubwa katikati ya miaka ya 1920, na wamishonari wakafungua zahanati zao, ya Litein ikiwa chini ya Africa Inland Mission. Zahanati ya Tenwek, ng'ambo ya pili upande wa Bomet, ilimpata daktari wake wa kwanza wa kudumu, Ernie Steury, mwaka 1959. Kama daktari mwenyewe alikuwa adimu kiasi hicho, mtaalamu wa viungo angetoka wapi? Chama cha Walemavu wa Viungo nchini Kenya, APDK, kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1958 tu, na baadaye kikaeneza karakana za vyuma vya miguu na kliniki za kuzunguka.

Polio ilijenga desturi ya kungoja. Homa ilikuja, mguu ukalegea, miaka ikapita, na mtoto akafikishwa kwa fundi wa vyuma akiwa na umri wa kwenda shule. Chanjo ya Jonas Salk ya mwaka 1955 na ya matone ya Albert Sabin iliyofuata ziliufukuza ugonjwa huo polepole, hata tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ikatangazwa kuwa huru na virusi vya polio vya asili. Desturi ya kungoja, hata hivyo, haikuondoka na virusi.

Na sasa hairuhusiwi kabisa, kwa sababu magonjwa yaliyobaki hayasubiri. Mtindio wa ubongo humpata mtoto aliyekosa hewa akizaliwa, aliyepata manjano kali siku zake za kwanza, au aliyeugua homa ya uti wa mgongo. Berta Bobath, mwalimu wa mazoezi aliyekimbia kutoka Berlin, alianza kuona mwaka 1943 mjini London kwamba misuli iliyokaza inaweza kulegezwa kwa namna mgonjwa anavyoshikwa na kusogezwa. Yeye na mumewe, daktari Karel, wakafundisha ulimwengu mzima. Baadaye utafiti, hasa wa Iona Novak na wenzake wa Australia, ulionyesha kwamba mikono ya mtaalamu peke yake haitoshi: mtoto huendelea anapojifunza kitendo halisi, anapokirudia mara nyingi, tena nyumbani kwake. Kikundi hichohicho kiliandika mwaka 2017 kwamba dalili za mtindio wa ubongo zinaweza kutambuliwa kabla ya miezi 6. Ukiyasoma hayo huku ukiwakumbuka akina mama wa Kokwet, huoni jipya kubwa.

Hadithi ya nyayo za kupinda inatia moyo zaidi. Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, aliacha upasuaji mkubwa akaukanda mguu wa mtoto mchanga kwa upole na kuufunga plasta mpya kila wiki, kwa wiki tano hadi saba hivi, kisha mara nyingi akakata kano ya kisigino kwa mkato mdogo. Baada ya hapo mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa fimbo, karibu mchana na usiku kwa miezi 3, halafu usiku tu mpaka afike miaka 4 au 5. Viatu hivyo vilikuwa ghali. Nchini Uganda, Michiel Steenbeek akabuni vya ngozi na chuma ambavyo fundi wa kawaida wa Afrika Mashariki anaweza kuvitengeneza. Tiba ya daraja la juu ikaingia mkononi mwa fundi viatu, na mguu ambao zamani ungemtenga mtu maisha yake yote sasa hunyooshwa kabla hajajua kutembea.

Kinachokwamisha ni saa za mama. Wakulima wadogo wa Litein huchuma majani ya chai kila wiki moja au mbili, na mvua ikinyesha vizuri majani hayangoji. Plasta ya kila wiki maana yake ni nauli ya kila wiki na kilo zisizopimwa kituoni. Ndiyo maana mtaalamu mwenye busara hamwongezei mama kazi, huingia ndani ya kazi aliyonayo. Anamwonyesha kumbeba mtoto mgongoni huku mapaja yamepanuka, mkao unaozuia miguu iliyokaza kupishana kama mkasi. Anamfundisha kumlisha akiwa ameketi wima. Anatengeneza kiti cha makaratasi yaliyogandishwa kwa uji wa unga, ufundi uliokuzwa Zimbabwe na Bevill Packer.

Huduma nyingi za afya ya umma zilikabidhiwa kaunti mwaka 2013, na Sheria ya Wanafiziotherapia ikapitishwa mwaka 2014. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, watu wanaofika mpaka mlangoni. Kericho na Bomet ziwafundishe hao kumtazama mtoto anavyoshika shingo na kufungua ngumi, na ziajiri wanafiziotherapia katika vituo vya afya vya vijijini, wasiishie kwenye hospitali za mjini.

Nawe mzazi, kama mtoto wako hajakaza shingo akiwa na miezi 4, hajaketi mwenyewe akiwa na miezi 9, au hajatembea akiwa na miezi 18, usikubali kuambiwa kwamba ni mvivu tu. Mpeleke kliniki wiki hii, na uulizie chumba cha fiziotherapia.