Air Traffic Chaos
Air Traffic Chaos ni mchezo wa video wa Kijapani wa mashine ya kiganjani ya Nintendo DS, uliotengenezwa na Sonic Powered na kutolewa Marekani mwaka 2008. Umetokana na mfululizo wa michezo ya kompyuta wa kampuni ya TechnoBrain ulioanza 1998. Mchezaji huwa mwongoza ndege: hutoa ruhusa za kutua na kuruka katika viwanja vya ndege kama Haneda. Rubani akisubirishwa mno, kipimo cha msongo wake hupanda. Kikijaa, mchezo umekwisha. Utamu uko hapo, wala si kwenye picha.