Zima Taa Kwanza

Mwaka 1915 kampuni ya Thomas Edison ilianza kuzungusha onyesho fulani katika miji ya Marekani. Mwimbaji anasimama jukwaani kando ya fonografu. Anaimba pamoja na santuri yake mwenyewe, ananyamaza, anaimba tena. Kisha taa zinazimwa na wimbo unaendelea. Taa zikiwashwa, mwimbaji hayuko. Ameshatoka kitambo, na ukumbi mzima umekuwa ukisikiliza mashine bila kujua. Mwaka uliofuata Marie Rappold alifanya onyesho kama hilo Carnegie Hall, New York, na watu wakashangilia.

Sasa tafuta nyimbo za enzi hizo mtandaoni uzisikilize. Besi hakuna, sauti imekonda, ni kama mtu anayeimbia ndani ya debe. Zilirekodiwa bila mikrofoni: mwimbaji alielekeza sauti kwenye pembe kubwa, na nguvu ya sauti hiyo ndiyo iliyotikisa sindano ikachora santuri. Kwani wale watu waliosema hawaoni tofauti walikuwa viziwi?

La. Jibu alilitoa mwimbaji mwingine wa maonyesho hayo, Anna Case, alipokuwa amezeeka. Alieleza kwamba alikuwa akiirekebisha sauti yake ifanane na ya mashine. Yaani mashine haikupanda hadi kwa binadamu, binadamu ndiye aliyeshuka. Na lile giza lilikuwa mali ya muuzaji: yeye ndiye aliyepanga nani aimbe, wimbo gani, na taa zizimwe saa ngapi.

Uliyekuwa na tatizo la masikio ni Edison mwenyewe. Alikuwa karibu kiziwi, na wakati mwingine alisikiliza kwa kuuma mbao za mashine ili mtikisiko upitie kwenye meno. Bado ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu nani arekodiwe.

Naileta hadithi hii kwa sababu ubishi wa spika haujawahi kwisha. Kambi moja inasema sikio ndilo hakimu. Nyingine inasema lete grafu, maneno tumeyachoka. Mimi niliacha chuo kikuu kabla ya kumaliza, kwa hivyo sina digrii ya kunilazimisha kusimama upande wowote. Lakini nikiangalia historia, naona kambi zote mbili zimewahi kudanganywa, na mara nyingi na mtu yule yule: anayeuza.

Anza na namba. Pita Luthuli Avenue utaona wufa ya kubebwa na mkono mmoja, imeandikwa wati 10,000 za PMPO. Fanya hesabu. Plagi yako ina fyuzi ya ampea 13. Zidisha na volti 240 za ukutani, unapata wati 3,120. Basi hiyo wufa inatoa wapi zingine? PMPO si kipimo cha kinachotoka kwenye spika ukiskiza wimbo mzima, ni namba ya kupamba boksi. Na huu mchezo hatukuuanzisha sisi. Marekani wazalishaji walitia chumvi kwenye wati za amplifaya hadi mwaka 1974 shirika la serikali linalosimamia biashara, FTC, likatoa sheria: ukitangaza wati, ziwe zile amplifaya inazoweza kutoa mfululizo.

Hata namba ya kweli inaweza kukupoteza. Wahandisi walishindana kupunguza mvurugiko wa sauti, wakiupima kwa mlio mmoja usiobadilika. Mwaka 1970 Mfini Matti Otala alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba amplifaya inaweza kufaulu mtihani huo, kisha ikavuruga sauti zinazobadilika ghafla. Na muziki ndivyo ulivyo. Hakuna anayecheza mlio mmoja sherehe nzima.

Kambi ya sikio nayo ilianza na hoja nzuri. J. Gordon Holt alikuwa akiandika katika jarida la High Fidelity, akachoshwa na nguvu ya matangazo ya biashara. Mwaka 1962 akaanzisha jarida lake, Stereophile, lililohukumu vifaa kwa kuvisikiliza. Lakini sikio likishatawazwa mfalme, nani atamwambia mfalme yuko uchi? Miaka ya baadaye Holt mwenyewe alilalamika hadharani kwamba biashara ya vifaa vya bei ya juu ilipoteza heshima ilipokataa majaribio ya kusikiliza bila kujua unasikiliza nini. Hayo ni maneno ya baba wa kambi, si ya adui.

Aliyeziunganisha kambi hizi vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni Floyd Toole. Alifanya kazi katika maabara ya utafiti ya serikali ya Kanada, Ottawa, kuanzia 1965. Alificha spika nyuma ya pazia, akasawazisha kiwango cha sauti, akawaomba watu watoe alama. Kisha akazipima spika zile zile katika chumba kisicho na mwangwi. Ikawa kwamba watu wasipoona, wanakubaliana sana. Na walizozipenda, grafu zake zilikuwa na laini iliyonyooka, bila vilima na mabonde. Masikio ndiyo yaliyoonyesha grafu ipi ina maana.

Baadaye Toole alihamia kampuni ya Harman. Mwaka 1994, yeye na mwenzake Sean Olive walichapisha jaribio la wasikilizaji 40, wote wafanyakazi wa kampuni hiyo. Walipoziona spika, zile kubwa za bei zilipanda alama, na ile ndogo ya plastiki ikashuka. Sauti ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni macho tu.

Hii si hadithi ya matajiri wa ng'ambo pekee. Sisi ndio tunaoweka akiba miezi sita kununua seti moja, halafu dukani jamaa anaongeza sauti ya ile anayotaka iondoke. Sikio hupenda chenye sauti kubwa, hata kama tofauti ni ndogo. Kwa hivyo beba wimbo unaoujua. Sawazisha sauti. Geuka uangalie ukuta, rafiki yako ndiye abadilishe spika, asikwambie ni ipi. Ukichagua mara tano na jibu likabaki lile lile, lipa.

Na muuzaji akikataa kukuruhusu ugeuke, hapo pia amekujibu.