Nani alibeba mizigo ya Margherita?

Mlima mrefu kuliko yote ya Kongo ni ule wa Ruwenzori, mpakani na Uganda. Kilele chake kina mita 5109 na kinaitwa Margherita. Hilo ni jina la malkia wa Italia. Lilifikaje huku?

Lililetwa na Luigi Amedeo, Mkuu wa Abruzzi. Alizaliwa Madrid mwezi wa kwanza 1873, wakati baba yake alikuwa mfalme wa Hispania. Wiki mbili hazijatimia, baba akaacha kiti, na jamaa yote ikahama. Mtoto alikomaa Italia, akaingia jeshi la majini, akapenda kupanda miamba. Mwaka 1894 alipanda Matterhorn, mlima mkali wa mpakani mwa Italia na Uswisi.

Toka hapo alianza safari za mbali. Mwaka 1897 yeye na wenzake walikuwa wa kwanza kufika juu ya mlima Saint Elias, mpakani mwa Alaska na Kanada. Mwaka 1899 alielekea ncha ya kaskazini ya dunia. Baridi ikamharibia vidole, na watu watatu wa msafara hawakurudi.

Mwaka 1906 alishuka Mombasa, akapanda treni hadi ziwa Victoria, akavuka mpaka Entebbe, kisha akaenda kwa miguu. Tarehe 18 mwezi wa sita alisimama kwenye Margherita.

Je, mahema na chakula vilifika juu namna gani? Vilibebwa na wachukuzi, kati yao Wakonjo, wenyeji wa mlima ule. Lakini vilele vikaitwa Margherita, Alexandra na Elena, malkia watatu. Hakuna hata mmoja wao aliyebeba mzigo huko.

Abruzzi alikufa Somalia mwezi wa tatu 1933, katika kijiji alichokianzisha, akazikwa hukohuko. Safari zake zimeandikwa vitabuni. Za wachukuzi, ni chache sana zilizoandikwa.

Ninyi mliotembea siku nyingi na mafurushi kichwani mnajua uzito wa jambo hili. Basi, mama, baba, chukua daftari ya mtoto. Andika ulitoka kijiji gani, nani alikusaidia kubeba, nani alikupokea hapa Kamina. Usingoje mgeni aje kukuandikia.