Upatu wa Soho na Agosti ya Edinburgh

Ukitaja vichekesho vya jukwaani nchini Uingereza, wengi watakujibu kwa neno moja: Edinburgh. Kila Agosti mji huo wa Uskoti hufurika wachekeshaji, na mpita njia hamalizi mtaa wa Royal Mile bila kushikishwa rundo la vikaratasi vya matangazo. Ndiyo maana imezoeleka kusema kwamba sanaa hii ni mtoto wa tamasha. Historia yaonyesha vingine. Mwaka 1947, vikundi 8 vilipojitokeza bila mwaliko na kuonyesha kazi zao kando ya Tamasha la Kimataifa la Edinburgh, vilikuja na tamthilia, si mtu mmoja na maikrofoni yake. Fringe, kama tamasha hilo la pembeni lilivyokuja kuitwa, ilibaki kwa miongo mitatu kuwa zaidi ya waigizaji na wanafunzi wa vyuo vikuu. Mchekeshaji wa peke yake alilelewa kwingine.

Alilelewa Soho, London. Mwaka 1961 mchekeshaji Peter Cook alifungua huko klabu ya Establishment, ya wanachama tu, na uanachama huo haukuwa pambo. Enzi hizo mchezo wa jukwaani ulipaswa kwanza kupitishwa na Lord Chamberlain, afisa wa kasri ya kifalme, na mkasi wake haukuondolewa hadi 1968. Klabu ya wanachama iliukwepa. Establishment haikudumu. Mei 1979 ikafunguliwa Comedy Store, jina la kuazima kutoka Los Angeles, ghorofani juu ya ukumbi wa wanawake wanaovua nguo. Mshereheshaji alikuwa Alexei Sayle, na jukwaani palikuwa na upatu. Aliyeshindwa kuchekesha aligongewa, akashuka, pengine kichekesho chake cha kwanza hakijafika mwisho. Ulikuwa ukatili, lakini ndiyo iliyokuwa shule: walevi wa usiku wa manane hawana subira wala adabu ya wapenda sanaa. Sayle na mwenzake Tony Allen walipokwenda Edinburgh 1980, walikuwa wameshaiva.

Atakayepinga atauliza: mbona tuzo ya vichekesho ya Perrier, ilipoanza Edinburgh 1981, iliwainua Stephen Fry, Hugh Laurie na Emma Thompson? Kweli, lakini hao walitoka Footlights ya Cambridge, klabu ya wanafunzi iliyokuwapo tangu 1883, na walichocheza ni maigizo mafupi ya kikundi. Arnold Brown wa Glasgow, aliyeipata tuzo hiyo 1987, alikuwa amekwisha kulisugua jukwaa la Comedy Store tangu siku zake za mwanzo. Tamasha lilimtawaza tu. Kumfunza walimfunza wengine.

Kuna pingamizi zito zaidi, nami nalikubali kwa sehemu. Klabu humpa mchekeshaji dakika 20 hivi, naye hujifunza kurusha kichekesho juu ya kichekesho ili asizomewe. Wengi huishia kufanana. Fringe humpa saa nzima, na saa nzima haijazwi kwa vijembe. Hudai kisa, hoja, hata kimya. Umbo hilo la saa moja, ambalo leo tunaliona kwenye televisheni tukadhani ndilo la asili, limelelewa sana na Edinburgh. Hata hivyo, nani hulipia? Klabuni mchekeshaji mzoefu hulipwa. Tamashani mara nyingi yeye ndiye hulipia ukumbi, malazi na vile vikaratasi, kisha hurudi nyumbani na deni. Mchekeshaji Peter Buckley Hill aliuona mzigo huo, na mwaka 1996 akaanzisha maonyesho ya bure, watazamaji wakitoa walichonacho mlangoni wakati wa kutoka.

Edinburgh yenyewe ililijua pengo lake la klabu. Mwaka 1995, katika chumba cha chini ya baa, ilianza klabu ya The Stand, na mwaka 1998 ikapata makao yake ya kudumu York Place. Agosti huwa ukumbi wa Fringe kama kumbi nyingine. Wageni wakishaondoka na mvua ya Uskoti ikashika kazi yake, Jumatatu usiku jukwaa lile lile huachiwa wanagenzi, kila mmoja na dakika zake chache.